Babu mkulima aliyekuwa mgambo enzi za Mapinduzi ya Marekani: anza kumtafuta shambani, sio vitani

Mwenzenu nimeolewa huku North Carolina mwaka wa kumi na moja sasa, na siku mama mkwe alipogundua kwamba mkamwana wake kutoka Tanga anapenda kuchokonoa makaratasi ya zamani basi nikakabidhiwa boksi. Boksi la viatu, ndani picha, kadi za mazishi, na karatasi moja ya taipureta inayosema babu yao wa zamani alikuwa kanali kwenye vita vya kumtoa Mwingereza. Kanali! Miaka miwili baadae ikabidi nimwambie, mama, hakuwa kanali, alikuwa mkulima wa mahindi na ngano aliyekuwa anaitwa mgambo kwa zamu, miezi mitatu, alafu anarudi nyumbani kwenye jembe lake. Alininunia siku mbili hivi.

Naandika hii kwa wenzangu mlioko huku wenye waume, wake au watoto wenye damu ya hawa wakulima. Mtoto akirudi na kazi ya shule ya kuchora ukoo, upande wetu unapiga simu kwa bibi anamaliza kwa dakika kumi, upande wa pili ndio kazi. Nitatumia North Carolina kwa sababu ndiko nilikohangaika, kila jimbo lina makaratasi yake ila njia ya kupita inafanana.

Kosa tunalofanya wote ni kuanza na vita. Unafungua kompyuta, unaandika jina na neno vita, wanakuja kina John mia tatu, unachagua mwenye cheo kikubwa. Sasa mgambo hakuacha karatasi nyingi jeshini kwa sababu jeshini hakukaa. Alikaa shambani, na shamba ndio limeacha karatasi: hati, kodi, mipaka, kesi ya nguruwe wa jirani. Mjue huko kwanza, jina lake, majirani zake, kijito chake, vita utaikuta njiani.

Hatua ya kwanza: anza na aliye hai

Hapa sikai sana. Mama mkwe, mama yake, baba wa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma, kila kizazi kwa karatasi na sio kwa hadithi. Cheti cha kifo, cha ndoa, sensa. Sensa za Marekani kuanzia 1850 zinataja majina ya watu huru wote ndani ya nyumba. Kuanzia 1790 mpaka 1840 zinataja mkuu wa kaya peke yake, wengine wote ni vihesabio tu, wanaume wa umri huu wangapi, wanawake wangapi. Kwa hiyo kuna shimo kati ya mzee wako wa vita na mjukuu wake wa 1850, na hilo shimo halizibwi na sensa, linazibwa na wosia, mirathi na ardhi.

Mimi hilo sikulifuata. Nilikuta ukoo wa mtu mtandaoni umepangwa vizuri, una picha na bendera, nikaunganisha wetu hapo nikalala usingizi. Miezi minne nimefuatilia bwana mmoja wa Virginia asiyetuhusu kabisa, jina tu ndio lile lile. Siku moja nikapiga hesabu nikaona mtoto wake wa kwanza amezaliwa mama yake akiwa na miaka minane. Watu kibao wamenakili ukoo ule na hakuna hata mmoja aliyetoa na kujumlisha.

Hatua ya pili: kaunti ilikuwa inaitwaje siku hizo

Mzee wetu hakuhama. Alikaa karibu na South Fork ya mto Catawba mpaka akafa, lakini shamba lake lilianza likiwa Mecklenburg, mwisho wa miaka ya 1760 likawa kaunti ya Tryon, mwaka 1779 likawa Lincoln. Tryon lilikuwa jina la gavana wa mfalme, vita ilipopamba moto watu wakaona aibu kulibeba, wakaikata kaunti vipande viwili, Lincoln na Rutherford, wakawapa majina ya majenerali wao. (Lincoln huyu sio yule rais, yule alikuwa hata hajazaliwa.) Baadae tena Lincoln yenyewe ikamegwa, Catawba 1842, Gaston 1846. Sasa wewe ukitafuta hati ya 1775 kwenye kaunti ya leo utasema mtu hakuwepo duniani, kumbe karatasi zake ziko kwa bibi yake kaunti.

Newberry Library ya Chicago ina atlasi ya mipaka ya zamani ya kaunti zote za Marekani, bure, unaweka tarehe unaona mstari ulikuwa wapi siku hiyo. Kabla hujatafuta kitu chochote tengeneza orodha kwenye daftari: kuanzia mwaka huu mpaka huu, kaunti hii. Hiyo orodha nimeibandika kwenye mlango wa friji.

Jingine dogo la tarehe, ukikuta mtu kazaliwa Februari 1749/50 sio karani aliteleza. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulikuwa unaanza Machi 25, kwa hiyo Januari, Februari na siku nyingi za Machi zilikuwa zinaandikwa miaka miwili kwa mpigo.

Hatua ya tatu: shamba lenyewe

Hapa kaa. Hapa ndio utamu ulipo na ndio hapa watu wanapita mbio.

Mwaka 1777 jimbo jipya lilitunga sheria ya kugawa ardhi, mkuu wa familia anaweza kuomba ekari 640, na 100 za nyongeza kwa mke na kwa kila mtoto, kwa bei ya paundi mbili na nusu kila ekari 100. Ombi moja linazaa karatasi nne: ombi lenyewe, amri ya kwenda kupima, ramani ya mpimaji, na hati. Kuna tovuti ya hati za ardhi za North Carolina, nclandgrants.com, unaandika jina na kaunti unapata picha za karatasi zenyewe bila kulipa senti.

Wengi wanachukua hati wanaondoka. Usiondoke bila ramani ya mpimaji. Ya kwetu ni kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, umbo kama kiatu kilichokanyagwa, kijito kimechorwa kwa mstari wa kujipinda, na maelezo yanasema anza kwenye mwaloni mweupe ukingoni, nenda kaskazini pole kadhaa mpaka kwenye mti wa hickory kwenye mpaka wa fulani, geuka mashariki. Pole ni kipimo chao, futi 16 na nusu, kama mita tano, na pole za mraba 160 ndio ekari moja, kwa hiyo unaweza kuchukua karatasi ya mraba na rula ukachora shamba zima mwenyewe mezani. Nilifanya hivyo usiku watoto wamelala, nikapata ekari karibu sawa na walizoandika. Karibu tu, mnyororo wa kupimia kwenye vichaka unajua mwenyewe.

Chini kabisa ya ramani, pembeni, kuna majina mawili na herufi C.C. au S.C.C. Hao ni vijana waliobeba mnyororo wakala kiapo. Hawakuletwa kutoka mjini, walikuwa mtoto wa mwenye shamba, shemeji, jirani wa mpaka ule. Mmoja wa wabeba mnyororo wetu ana jina la ukoo ambalo nilikuwa nimeliona kwenye boksi la viatu nyuma ya picha, na ndio nikapata familia alikotoka mke wa mzee, kitu ambacho hakuna cheti kingenipa.

Sasa chukua daftari, ukurasa mzima, andika kila jina unaloliona kuzunguka shamba: mwenye mpaka, mbeba mnyororo, shahidi wa hati, mtu aliyemuuzia. Daftari hilo ndio litamtofautisha mzee wako na wenzake wa jina lile lile. Na usidanganyike na maneno Sr na Jr, wakati ule hayakuwa lazima baba na mwana, ilikuwa tu mkubwa na mdogo wenye jina moja eneo moja, anaweza kuwa mtu na mjomba wake, au watu baki kabisa, na mkubwa akifa mdogo anapanda cheo anakuwa Sr.

Kuhusu majina: eneo letu lilijaa Wajerumani walioshuka na mikokoteni kutoka Pennsylvania, na makarani walikuwa wanaandika walichosikia. Mbaya zaidi wengine walitafsiri. Zimmermann maana yake seremala, basi watoto wakawa Carpenter, na wewe unatafuta Zimmermann mpaka macho yanauma. Jno ni kifupi cha John, sio Jonathan. Na ile herufi kama f katikati ya neno ni s ndefu ya zamani, usije ukawapa watu majina ambayo mama zao hawakuwapa.

Hatua ya nne: kodi na kapteni

Fupi ila ya muhimu mno. Kila kaunti ilikuwa na kikosi chake cha mgambo, kikosi kimegawanywa kwenye kampuni, kila kampuni ni mtaa mmoja chini ya kapteni mmoja. Orodha za kodi za North Carolina nyingi zimeandikwa kufuata mitaa hiyo hiyo ya makapteni, na hata sensa ya 1790 ya Lincoln imepangwa kampuni kwa kampuni. Unaona mchezo? Ukijua mzee alilipa kodi kwenye mtaa wa kapteni gani, unajua karibu kabisa aliitwa vitani na nani. Jina la kapteni liandike kwa wino mwekundu.

Hatua ya tano: sasa ndio vita

Usifikirie mgambo wa kukimbizana na mama lishe. Kulikuwa na jeshi la kawaida, yaani jeshi rasmi la Kongresi, la Jenerali Washington, watu wa mkataba wa miaka. Mgambo ilikuwa kila mwanaume, North Carolina sheria ilisema miaka 16 hadi 50, anakaa kwake na bunduki yake, hatari ikija kampuni inagawanywa makundi, wanapiga kura ya bahati nani aende kwanza. Zamu ya kawaida miezi mitatu. Ukibanwa unaruhusiwa kutafuta mbadala, unamlipa kijana aende kwa niaba yako, na watoto wengi waliwabadili baba zao hivyo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na zamu nne chini ya makapteni wanne, kwa miguu mara hii, kwa farasi mara ile, na katikati yote hayo alipanda na kuvuna.

Jua na mapigano ya eneo lako kwa tarehe, ili ukisoma maelezo usiwe unapapasa. Kwetu ni haya. Mwaka 1776 Jenerali Griffith Rutherford alipeleka mgambo milimani kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, walichoma vijiji na kufyeka mahindi yakiwa shambani, na ukisoma wazee walivyosimulia baadae unakutana na mkulima anaeleza alivyofyeka shamba la mkulima mwenzake, kwa sentensi moja tu, alafu anaendelea na jina la kapteni. Juni 20, 1780 ni Ramsour's Mill, pale ambapo mji wa Lincolnton upo leo, wafuasi wa mfalme zaidi ya elfu moja na wapinzani wao kama 400, majirani kwa majirani, hakuna sare, wa mfalme wamechomeka kitawi kibichi cha msonobari kwenye kofia na wapinzani kipande cha karatasi nyeupe. Oktoba 7 mwaka ule ule Kings Mountain. Januari 17, 1781 Cowpens. Machi 15, 1781 Guilford Courthouse, ambapo Jenerali Greene aliwapanga mgambo wa North Carolina mstari wa mbele kabisa akawaomba wapige risasi mbili tu ndio warudi nyuma, na wengi walirudi kweli, wengine walirudi mpaka nyumbani, na walioshikwa kwa kukimbia walihukumiwa miezi 12 ya utumishi kwenye jeshi la kawaida. Ukikuta mzee wako yupo kwenye jeshi la kawaida mwaka mmoja kamili kuanzia 1781 jiulize hilo kabla hujamwambia mama mkwe.

Hatua ya sita: mafaili ya pensheni

Kwa miaka mingi mgambo hakuwa na pensheni ya utumishi. Sheria ya 1818 ilikuwa ya jeshi la kawaida, na uwe hohehahe. Ni Juni 7, 1832 ndio Kongresi ikasema yeyote aliyetumikia miezi sita au zaidi, mgambo akiwemo, atalipwa mpaka afe. Fikiria hapo, ni miaka zaidi ya 50 imepita tangu vita, wazee wa miaka 75, 80, hawana karatasi, wanasimama mahakamani kwenye kaunti zao na kusimulia maisha mbele ya jaji huku karani anaandika.

Na serikali ilikuwa imetoa maswali ya kuuliza: ulizaliwa wapi na mwaka gani, una kumbukumbu ya umri wako na iko wapi, ulipoitwa ulikuwa unaishi wapi na baada ya vita umeishi wapi, uliandikishwa, ulijitolea au ulimbadili mtu na mtu huyo nani, maofisa gani unawakumbuka, ulipewa cheti cha kumaliza, na nani jirani anayeweza kusema wewe ni mkweli. Yaani mtafiti wa ukoo angeandika maswali mwenyewe asingeweka bora kuliko hayo.

Mafaili yapo National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani, ni kama elfu 80, mikrofilamu yake inaitwa M804, na picha zake zipo bure kwenye katalogi yao na kwenye tovuti ya FamilySearch ukifungua akaunti. Tovuti ya Fold3 ni ya kulipia lakini maktaba nyingi za umma zinayo, nenda kakae pale na kahawa yako. Namba ya faili inaanza na herufi: S mzee mwenyewe alipata, W mjane alipata, R walikataliwa, BLWt ni ardhi ya zawadi. Usiruke R! Waliokataliwa wengi walikosa tu kutimiza miezi sita, hadithi ni ile ile na mara nyingi ni ndefu zaidi kwa sababu walibishana. Na W ni dhahabu, maana mjane alitakiwa athibitishe ndoa, wengi hawakuwa na cheti, wakachana ukurasa wa Biblia ya familia wenye majina ya watoto wakautuma, na upo mpaka leo ndani ya faili. Sheria za wajane zililegea polepole, 1836 lazima muwe mlioana kabla hajamaliza utumishi, 1838 kabla ya 1794, 1848 kabla ya 1800, na 1853 tarehe ya ndoa ikawa haina shida tena, kwa hiyo hata mjane kijana aliyeolewa na mzee yumo.

Pia kuna watu wa kujitolea waliochapa upya maelezo ya wazee wa majimbo ya kusini, revwarapps.org, na hii ndio siri kubwa ya mwongozo wote, kwa sababu maneno yamechapwa unaweza kutafuta neno lolote, sio jina la mwombaji tu. Mzee wetu alikufa kabla ya 1832. Hana faili, hana S wala W. Wengi wako hivyo. Nikachukua lile daftari, nikatafuta jina la kapteni wa wino mwekundu, nikapata wazee kadhaa, nikasoma mmoja mmoja, na kwenye faili la jirani wa mpaka wa kaskazini, yule wa mti wa hickory, anasema zamu yake ya pili alikwenda kama mbadala wa fulani. Fulani ndio sisi. Kumbe kanali wetu, zamu moja ilipoangukia vibaya, alimlipa kijana wa jirani aende badala yake. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini.

Kuna hesabu ndogo ya pensheni nakupa bure. Askari wa miguu wa miaka miwili kamili alipata dola 80 kwa mwaka, chini ya hapo ni kwa uwiano, miezi sita ni dola 20. Yule jirani alipewa dola 30, ambayo ni miezi tisa, zamu tatu. Ukiona dola 25 usishangae, huyo huenda ni miezi sita ya farasi, wapanda farasi kiwango chao cha juu kilikuwa 100. Kwa hiyo hata faili likiwa limechakaa husomi neno, kiasi cha pesa kinakwambia serikali ilimkubalia miezi mingapi. Na tafuta karatasi za malipo ya mwisho, zile za baada ya mzee kufa, mara nyingi zina tarehe ya kifo na nani alichukua kilichobaki.

Tahadhari mbili. Wazee walikosea miaka, jina la kapteni linakumbukwa vizuri, mwaka unateleza, kwa hiyo linganisha na tarehe za mapigano. Na maneno sio yake yote, mzee wa Kijerumani amesimulia kwa lafudhi yake, karani kaandika Kiingereza cha mahakama, mwisho mzee kaweka alama ya X.

Na kama unatafuta faili la pensheni ya kabla ya 1800, poa moyo. Ofisi ya vita iliungua Novemba 8, 1800, na 1814 Waingereza wakauchoma mji wa Washington. Kilichokwenda kimekwenda.

Hatua ya saba: kikaratasi chenye tundu

Jimbo halikuwa na pesa wakati wa vita, likawapa mgambo vocha. Ziko Raleigh kwenye hifadhi ya jimbo na picha zake FamilySearch. Ni kipande cha karatasi kilichochapwa, jina limejazwa kwa mkono, paundi, shilingi na peni, wilaya (yetu ni Salisbury), sahihi za wakaguzi, na katikati kuna tundu. Nilidhani panya. Kumbe walikuwa wanatoboa vocha ikishalipwa isije ikarudi dirishani mara ya pili. Ya mzee wetu ipo, inasema utumishi wa mgambo, basi zamu nyingine alikwenda mwenyewe, heshima imerudi kidogo. Soma vizuri lakini, maana vocha nyingine ni za nyama ya ng'ombe au mahindi yaliyochukuliwa na jeshi. Hiyo haimfanyi askari, ingawa DAR, yaani Daughters of the American Revolution, wanamhesabu aliyetoa chakula kuwa mzalendo kama mwenye bunduki.

Kama haonekani popote

Huenda alikuwa na kitawi cha msonobari. Sio kashfa, eneo la Lincoln nusu ya majirani walikuwa hivyo, wengine walibadilika katikati. Angalia orodha za ardhi zilizotaifishwa, na madai ya waliompenda mfalme yako Uingereza, National Archives ya Kew, mafungu AO 12 na AO 13. Au dini ilimkataza: Wakweka walimfukuza kundini aliyeshika bunduki na wakaandika kwenye mihutasari yao, hivyo hata kufukuzwa ni ushahidi. Wamoravian wa Salem, kanisa lile lile wenzetu wa Mbeya na Tabora wanalolijua, hawakupigana ila waliandika shajara, mgambo gani wamepita, wamedai mikate mingapi.

Alafu wosia na orodha ya mirathi. Hapa jiandae. Nilikuwa nasoma vitu vya mzee vilivyoorodheshwa baada ya kufa, jembe la kukokotwa, farasi jike, ng'ombe na ndama, magodoro mawili, na mstari unaofuata ni msichana mweusi, jina moja tu, na bei. Kati ya ng'ombe na birika. Mimi mtu wa Tanga, najua pwani yetu nayo ilikuwa na mambo yake, lakini nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nimeliandika jina lake kwenye daftari ukurasa wake mwenyewe pamoja na mwaka na namba ya karatasi, na nawe fanya hivyo, kwa sababu mjukuu wake naye anatafuta, na kwa yeye hakuna hati ya shamba wala vocha, pengine mstari ule ndio karatasi pekee yenye jina lake.

Kujiunga na vyama

DAR ni ya wanawake, ilianza 1890, SAR (Sons of the American Revolution) ya wanaume ilianza mwaka mmoja kabla. Database ya DAR ni bure na inakuonyesha mzalendo na watoto waliothibitishwa, lakini maombi ya zamani sana yalikubaliwa kwa maneno ya shangazi, kwa hiyo ukiona maandishi mekundu yanayosema ushahidi mpya unahitajika, yaheshimu. Mama mkwe ameshajaza fomu yake, tumeweka vocha na faili la jirani, na cheo tumeandika kilivyo, askari wa kawaida.

Mwezi wa nne tulikwenda kuliona shamba, mimi, mume wangu, mama mkwe kiti cha mbele na ramani yangu ya karatasi ya mraba mapajani. Kijito kipo na jina lake ni lile lile. Mwaloni haupo, hickory haipo, upande wa kaskazini kuna nyumba mpya zinafanana zote. Mama mkwe alishuka, akasimama ukingoni na viatu vyake vya kanisani, akauangalia ule mteremko muda mrefu, alafu akageuka akamuuliza mwanae ekari moja hapa sa hivi wanauza bei gani.